Ahadi kwa Asiyejua Kudai

Mtu anayetaka kufuga mbwa aghalabu huuliza juu ya mbwa: ni wa mbegu gani, ni mkali kiasi gani, ni dume au jike. Ni nadra kumsikia akiuliza juu yake mwenyewe: huondoka nyumbani saa ngapi, nani hubaki, na miaka kumi ijayo atakuwa wapi. Mbwa aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 hadi 13, na wako wanaozidi hapo. Ni wapangaji wangapi wanaokaa katika nyumba moja muda huo? Kwa maoni yangu, basi, hili si suala la ufugaji tu. Kumchukua mnyama ni kutoa ahadi kwa kiumbe asiyeisikia, asiyeweza kuidai, wala kutusamehe tukiivunja.

Nilianza kulifikiri jambo hili nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mkufunzi akipata barua ya uhamisho alilipiwa nauli yake, ya mkewe na ya watoto, pamoja na gharama za mizigo. Mbwa hakuwemo katika hesabu hiyo, na simjui mhasibu ambaye angeipitisha hati ya malipo yenye jina la Popi. Lori likaondoka, mbwa akabaki. Nilimwona mmoja akilala barazani pa nyumba tupu kwa majuma mengi, akiinuka kila liliposikika gari. Mkufunzi mpya alipohamia alimfukuza kwa mawe, nami sikumlaumu. Alikuwa na watoto wadogo, na mbwa asiyechanjwa ni hatari; kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Aliyemwacha hakuwa katili. Alikuwa mwalimu hodari, mpole kwa wanafunzi wake. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwamba ubaya ulitendeka bila ya kuwapo mtu mbaya. Tena haukutendeka siku ya lori. Ulitendeka siku ile alipopokea mtoto wa mbwa kwa furaha, akasahau kwamba yeye ni mtumishi wa serikali.

Rafiki yangu, mstaafu kama mimi, haipendi hoja hii. "Mwalimu," aliniambia, "baba zetu walifuga mbwa bila falsafa. Alikula makombo, akalinda mbuzi, akaishi." Ni kweli, wala sitaki kumbeza. Lakini hebu likumbuke boma la baba zetu. Hapakuwa na saa ambayo halikuwa na mtu. Bibi yuko uani anaanika mtama. Watoto wako machungani, na mbwa yuko nao. Mwenye mbwa akisafiri, au hata akifa, mbwa aliendelea kula, maana hakuwa wa mtu mmoja, alikuwa wa boma. Ahadi ilibebwa na watu ishirini bila hata mmoja wao kuitamka. Leo tunamleta mbwa yule yule katika nyumba yenye ukuta na geti. Baba yuko kazini, mama yuko kazini, watoto wako shule ya bweni, na msichana wa kazi anamwogopa. Anafungwa mnyororo tangu alfajiri, kisha tunashangaa kwa nini anabweka usiku kucha.

Na jirani naye yumo katika maisha yetu. Upande mmoja wa nyumba yangu anakaa mzee Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Mbwa wangu akipenya ua, ninayemsumbua ni yeye anayejiandaa kwa sala.

Mwaka jana mwanangu alinijia. "Baba, uko peke yako na wezi wamezidi. Nitakuletea mtoto wa mbwa." Nina miaka 74. Nikachukua kalamu. Kila Desemba huenda kwa binti yangu, nikakaa mwezi mzima. Siku ya kliniki hutoka asubuhi, nikarudi jioni. Chanjo ni kila mwaka. Akiwa jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto nitamgawia nani? Akiishi miaka 12, mimi nitakuwa na 86.

"Mwanangu," nikamwuliza, "siku nikiwa sipo utamchukua?"

Akanyamaza, kisha akasema mwenye nyumba wake hataki wanyama. Nikamwambia asimlete.

Sikulifurahia jibu langu. Tangu mama yao afariki, jioni nyumba hii ni kimya mno, na ningependa awepo kiumbe wa kuinua kichwa ninapoingia. Nimejiuliza kama mzee hana haki ya mwenzi wa namna hiyo, nami naona anayo, ila ahadi na ilingane na miaka aliyo nayo. Kwa hiyo nimemwomba bwana mifugo anijulishe akisikia mbwa mzee, aliyekwisha kuchanjwa, ambaye mwenyewe anahama. Kijana wa jirani wa upande wa pili amekubali kumlisha mwezi wa Desemba. Tumekwisha patana malipo yake.