Je, Li Hua Anasema Kweli?

Kila mwaka, alasiri ya tarehe 8 Juni, mamilioni ya vijana wa China huketi kufanya mtihani wa Kiingereza, na wengi wao hutakiwa kuandika barua kwa jina ambalo wazazi wao hawakuwapa. Jina hilo ni Li Hua. Li Hua ana rafiki Mwingereza anayehitaji ushauri. Li Hua anamwalika mwalimu mgeni aje kutazama maonyesho ya shule. Li Hua anaomba radhi, anashukuru, anatoa pole. Tangu miaka ya 1990 jina hilo limekuwa likirudi kwenye karatasi za mtihani. Mwaka 2023 watahiniwa waliojiandikisha kwa Gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, walikuwa milioni 12.91, na mtahiniwa haruhusiwi kuweka jina lake halisi ndani ya barua hiyo.

Swali langu ni hili: mtu anayeandika kwa jina lisilo lake, kwa lugha isiyo yake, akieleza hisia alizozikariri daftarini ili apewe alama, anasema kweli au anasema uongo?

Swali hili lilinikaa moyoni nilipokuwa nasoma Changsha, mji mkuu wa jimbo la Hunan. Chini ya jengo nililopanga alikuwapo mama muuza tambi za mchele, ambaye binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Yule mama aliniomba niwe nakaa na binti yake Jumapili, siku pekee aliyokuwa na nafasi, tufanye mazoezi ya Kiingereza. Siku nyingine zote binti alikuwa shuleni tangu alfajiri, saa ya kusoma kwa sauti wanafunzi wakiwa wamesimama, hadi usiku wa kujisomea. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita mdogo wangu. Tulikaa meza ya pembeni, kati ya bakuli la pilipili na dirisha la jikoni.

Kiingereza kina alama 150 kati ya 750 za mtihani mzima, sawa na Kichina na hisabati. Binti alizifahamu alama hizo moja moja. Alijua kwamba barua ya Li Hua, maneno 80 hivi, ina alama 15, na kwamba kuendeleza hadithi, maneno kama 150, kuna alama 25. Daftari lake lilikuwa na safu za sentensi zilizopangwa kwa hisia: ukurasa wa furaha, wa hofu, wa majuto. Machozi yalikuwa na sentensi zake, moyo unaodunda ulikuwa na zake, na miale ya jua inayopenya dirishani ilikuwa na zake za kufungia hadithi. Hata mwandiko haukuwa wake. Aliandika herufi za duara, zilizosimama wima na kubanana kama zimepigwa chapa, mtindo unaojulikana kwa jina la mji wa Hengshui, jimbo la Hebei. Karatasi za majibu hupigwa skana na kusahihishwa kwenye kompyuta, hivyo mwandiko wa namna hiyo humpunguzia msahihishaji taabu ya macho. Nilimtazama akirudia herufi moja hadi mkia wake ukae sawa na wa jirani yake.

Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenye kuufuata msemo huo ataona kwamba binti huyu alikuwa akijifunza unafiki kwa saa kadhaa kila siku: kulia bila machozi, kushukuru bila deni, kujiita mtu mwingine. Ni shutuma nzito, na Wachina wenyewe waliijadili karne nyingi kabla Kiingereza hakijaingia madarasani mwao. Katika enzi za Ming na Qing, aliyetaka kazi ya serikali aliandika insha ya sehemu nane, na sheria ya insha ile ilimtaka aseme kana kwamba ni Konfusio au mmoja wa wenye hekima wa kale ndiye anayesema. Maoni yake mwenyewe yalikaa pembeni. Mfumo mzima wa mitihani ile ya kifalme ulifutwa mwaka 1905, baada ya kudumu takribani miaka 1300.

Changsha ni mahali pazuri pa kuliwazia jambo hili. Ng'ambo ya mto Xiang, chini ya mlima Yuelu, kipo Chuo cha Yuelu kilichoanzishwa mwaka 976, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Hunan. Mwanafalsafa Zhu Xi alifika hapo mwaka 1167, akajadiliana na wanazuoni mbele ya wanafunzi. Zhu Xi aliwaona vijana wa wakati wake wakisoma vitabu vitakatifu kwa ajili ya vyeo, na jambo hilo lilimuuma. Hata hivyo hakusema mtihani uvunjwe. Alifundisha kwamba mzigo hautoki kwenye mtihani wenyewe, unatoka kwa mtu anayeuingia akiwa na tamaa ya kupata na woga wa kukosa. Zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, maelezo yake juu ya vitabu vya Konfusio yaliwekwa kuwa kipimo cha mitihani ile ile. Tangu hapo kila kijana aliyetaka cheo ilimbidi akariri maneno ya mtu aliyeonya dhidi ya kukariri kwa ajili ya cheo.

Nilipokuwa nikitembea kwenye nyua za chuo kile nilijiuliza kama Zhu Xi angeliona daftari la binti wa muuza tambi angesemaje. Nadhani kwanza angeuliza nia.

Nia ni neno tunalolijua sisi tuliolelewa pwani. Nilisoma chuo cha Kurani Tanga, nikiwa mtoto nisiyejua Kiarabu hata cha kuombea maji. Tulisoma kwa sauti, tukiyumba mbele na nyuma, tukimfuatisha maalim neno kwa neno. Maana ilinijia miaka mingi baadaye, ikakuta maneno tayari yamo kinywani, yananisubiri. Na hata leo ninaposali, maneno ninayosema si yangu. Sikuyatunga. Wameyasema watu kwa mamilioni kabla yangu na watayasema baada yangu. Sijasikia mtu akimwita msali mwongo kwa sababu maneno yake ni ya kupokea. Tunachouliza ni kama moyo ulihudhuria.

Kwa hiyo sikubali kwamba neno la kupokea ni uongo kwa kuwa tu limepokewa. Lugha yote tunaipokea. Neno "mama" sikulibuni mimi, na bado nilipomwita mama yangu kwa neno hilo nilisema kweli tupu. Mwanafalsafa Xunzi, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, alikwenda mbali zaidi: aliona kwamba wema wenyewe hatuzaliwi nao, unajengwa kwa kurudia matendo mema hadi yawe tabia. Mengzi, aliyemtangulia, aliamini kwamba chembe za wema zimo ndani ya kila mtu tangu kuzaliwa. Wawili hao walipingana juu ya asili ya mtu, lakini wote walikubali kwamba bila malezi ya kila siku hakuna mtu anayekamilika. Mazoezi ya kutoa shukrani kwa Kiingereza kibovu ni sehemu ndogo ya malezi hayo.

Jina la kuazima nalo lina haki yake. Enzi ya Song, kati ya 960 na 1279, majina ya watahiniwa yalikuwa yakifunikwa, na makarani wakanakili kila karatasi upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Shabaha ilikuwa kuuzuia mkono wa jamaa na marafiki. Li Hua anaendeleza kazi hiyo. Li Hua hana baba mwenye cheo wala mjomba mwenye fedha. Binti wa muuza tambi na mtoto wa tajiri, wakiwa ndani ya barua ile, ni mtu mmoja. Nilipoliona hilo, mwandiko wa kufanana nao ukaacha kunisumbua. Mama wa binti yule hakuwa na mtu mwenye cheo wa kumpigia simu, na ile karatasi haikuuliza hilo.

Sarufi ilinifundisha jambo jingine. Katika Kichina kitenzi hakibadiliki kwa ajili ya wakati. Msikilizaji huelewa kwa maneno mengine na kwa mazungumzo yenyewe. Kwa hiyo zoezi la kujaza nafasi kumi, kila moja alama moja na nusu, lilimtesa binti huyu kuliko kusoma vifungu virefu. Kitenzi kiko kwenye mabano, nawe useme: jambo hili lilitokea likaisha, linatokea sasa, au lilianza zamani na bado lipo? Alikunja uso, akarudi mwanzo wa kifungu, akatafuta nani alifanya nini kwanza. Mimi niliona mle zoezi la uaminifu. Kabla hujaandika unalazimishwa kuuliza ni nini hasa kilichotokea. Watu wazima wengi wanazozana kwa sababu hawajawahi kujiuliza hivyo.

Lakini jibu kamili lilitoka kwenye karatasi ya mtihani yenyewe. Tulifanya kama zoezi karatasi ya mwaka 2023 iliyotumiwa Hunan na majimbo mengine. Hadithi ya kuendeleza ilimhusu mtoto wa familia iliyotoka Brazil, ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili na kuandika kulimuumiza. Mwalimu wake alimtia moyo aingie shindano la uandishi. Mtoto alikataa, kisha akakubali, akachagua safari maarufu ya Mmarekani Paul Revere ya mwaka 1775, usiku ule alipopanda farasi kuwaonya wenzake kwamba Waingereza wanakuja. Na aliamua kuisimulia kwa sauti ya farasi. Kifungu kinaishia baadaye kidogo. Mtahiniwa anaambiwa aandike nini kilitokea habari za shindano zilipofika, na nini kilitokea mtoto alipokwenda ofisini kwa mwalimu baada ya kupewa tuzo.

Mtoto yule aliazima lugha, akaazima historia ya nchi ngeni, mwisho akaazima kinywa cha mnyama. Na ndani ya uazimaji huo mara tatu ndipo alipopata jambo la kusema. Binti alisoma, akanyamaza, kisha akaandika haraka. Aya ya pili ilitoka vile ilivyofundishwa: mtoto anamkumbatia mwalimu, machozi yanamlengalenga, jua linapenya dirishani, mtoto anatambua kwamba juhudi hulipa.

Nilimuuliza, "Mdogo wangu, ungekuwa wewe, ungeingia tu ofisini na kumkumbatia?"

Akacheka kwa aibu. "Mwalimu, hapana. Ofisi ya walimu ina walimu wengi. Lazima usimame mlangoni uombe ruhusa kwa sauti. Mimi nikiwa na jambo la moyoni siwezi kuomba ruhusa kwa sauti. Ningesimama nje mpaka mwalimu atoke kwenda kuchota maji ya chai."

Nikamwambia aandike hivyo. Akasita, akauliza kama itampunguzia alama. Nikamjibu kwamba sentensi zilikuwa sahihi na hadithi ilikuwa imeendelea vizuri, kwa hiyo sikuona sababu. Akaandika mtoto amesimama ukutani na cheti mkononi, mwalimu akatoka na chupa yake ya maji, wakatazamana, na cheti kikapokewa kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na chupa. Maneno yote aliyotumia yalikuwa ya daftarini. Hakuna hata moja alilolibuni. Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama mwenyewe.

Tangu siku ile nina msimamo. Kusema kwa maneno ya kupokea si uongo, na kujificha nyuma ya jina la Li Hua si uongo. Uongo huanza pale mwisho wa hadithi unapokuwa umeamuliwa kabla hadithi haijasikilizwa. Kijana akizoeshwa kwamba kila hadithi lazima imalizikie kwenye jua na somo la kutia moyo, ataacha kusikiliza, na asiyesikiliza hawezi kusema kweli hata akitumia lugha ya mama yake. Mwandishi Pu Songling wa enzi ya Qing alifeli mitihani ya juu ya kifalme karibu maisha yake yote, akifanyia mazoezi insha zile za sehemu nane, na bado alituachia mamia ya hadithi za majini na mbweha ambazo China inazisoma hadi leo. Mazoezi ya sauti ya kuazima hayakuiua sauti yake, kwa kuwa aliendelea kuwasikiliza watu.

Nayaandika haya kwa wasomaji wa nyumbani pia. Watoto wetu wa sekondari Tanzania wanafanya mtihani wa biolojia na jiografia kwa Kiingereza, na wengi wanakariri sentensi kama alivyokariri binti yule. Tusiwacheke wala tusiwaite kasuku. Wapeni maneno, mengi kadiri mnavyoweza, na wayarudie mpaka ulimi ulainike. Lakini kila wiki, mwalimu au mzazi amwekee mtoto karatasi moja isiyo na alama, amuulize swali moja tu: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Kisha amwache aandike hata kwa maneno ya kuazima, naye asome jibu mpaka mwisho.