Kumsikiliza Jirani Hadi Mwisho

Tunapoanza kuwafundisha wanafunzi wa uchungaji na wa diakonia namna ya kumhoji mtu mwenye shida, wengi hutarajia tuwape orodha ya maswali. Wanataka karatasi ya kujaza: jina, umri, hali ya ndoa, tatizo, msaada unaoombwa. Karatasi hiyo ina kazi yake, na afisa ustawi wa jamii hawezi kufanya kazi bila kumbukumbu. Lakini kabla ya karatasi kuna swali linaloigusa imani yetu. Huyu aliyeketi mbele yetu, je, tunamhoji ili tumjue, au ili tumalizane naye?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi, mtoto mgongoni. Watu wengine walikuwa wakisubiri nje, nasi tuliuacha mlango wazi. Alisema mumewe anampiga. Kabla hajaendelea tukamwuliza, "Mama, kwa nini hukuja mapema?" Kisha tukaongeza, "Au kuna jambo ulimkosea?" Akatazama mlangoni, akatazama chini, akasema, "Hapana, mchungaji. Nilikuja tu kuombewa." Tukamwombea, naye akaenda zake. Tulipopata habari zake tena, alikuwa amelazwa hospitali, mkono umevunjika.

Hatukumtukana wala hatukumfukuza. Tulimwuliza maswali tu. Hata hivyo maswali yale yalimfunga kinywa, na ni vema tuone yalifanyaje kazi hiyo.

Neno "kwa nini" tumelizoea tangu utotoni. Mzazi anapomwuliza mtoto kwa nini amevunja kikombe, hatafuti sababu, anamtafuta mkosaji. Mtu aliyeumizwa akiulizwa hivyo huanza kujitetea badala ya kusimulia. Afadhali tumwulize, "Ilikuwaje?" Swali letu la pili lilikuwa baya zaidi, maana lilikuja na jibu lake ndani. Lilimweleza kwamba hukumu imekwisha kutolewa na kwamba kilichobaki ni yeye kukiri. Mlango nao ulisema kwa niaba yetu kwamba aibu yake ni ya watu wote.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa maombi. Tunalisema hili kwa hofu, maana maombi ni kazi yetu. Siku ile tuliomba upesi ili tusisikie zaidi. Tulilitumia jina la Bwana kama kifuniko cha chungu. Ndivyo tunavyofanya pia tunapomwambia mfiwa au mgonjwa asijali, kwamba Mungu ana makusudi, ilhali hajamaliza kusema. Faraja iliyotolewa kabla ya kusikiliza humfariji mtoaji.

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri. Waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofumbua vinywa ndipo walipomwumiza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na maelezo tayari, naye Ayubu alitakiwa kuyathibitisha tu. Bwana Yesu alitenda tofauti. Bartimayo alipoletwa mbele yake, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Hakuichukua shida ya mtu na kuisema kwa niaba yake.

Walimu wa kazi za ustawi wa jamii wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Felix Biestek, padri Mjesuiti wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kanuni saba za uhusiano kati ya mhudumu na mteja. Miongoni mwake zimo kutomhukumu mteja, kumtunzia siri na kumwacha aamue mwenyewe. Sisi Walutheri tuna urithi wetu pia. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoeleza amri ya nane, alitufundisha kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Nalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linataka maungamo ya faragha yadumishwe, lakini halimlazimishi mtu kuhesabu dhambi zake zote. Kama hata katika kuungama hatumkamui mtu, tutapata wapi haki ya kumkamua ofisini? Tuulize yale yanayohitajika ili kumsaidia. Yanayobaki ni udaku, hata kama anayeuliza amevaa kola.

Mtu anaweza kupinga: je, waongo? Wapo, na kila usharika unamjua msafiri anayeomba nauli ileile kila mwezi. Kumsikiliza mtu si kuamini kila neno lake, na mhudumu mwenye busara huchunguza. Lakini Mithali inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla hajasikia. Utaratibu ni huu: kusikia kwanza, kuchunguza baadaye.

Kuna pia kosa la upole. Mtoto anatuambia, "Usimwambie mtu," nasi kwa huruma tunaahidi. Iwapo anafanyiwa ukatili, ahadi hiyo hatuwezi kuitimiza, wala Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania haituruhusu kukaa kimya. Tumwambie mapema, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba yapo mambo tutakayolazimika kuyafikisha kwa watu watakaomlinda. Ukweli huo unaweza kumfanya asite, lakini hautamfanya aone baadaye kwamba tumemsaliti.

Tulimtembelea yule mama wodini, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, nasi safari hii tukangoja. Kisha akasema, "Mchungaji, siku ile nilikuwa nimeacha nguo zetu kwa jirani. Nilikuja kuuliza kama kuna mahali pa kulala." Sehemu ya kulala ilikuwapo. Wazee wa kanisa wangeipata kabla ya jioni. Tulikuwa na msaada wote aliouhitaji, ila hatukumpa nafasi ya kuuomba.

Siku hizi mlango unarudishwa, na mama mzee wa kanisa huketi pamoja nasi ikiwa mgeni mwenyewe anapenda. Tunauliza machache. Na kabla ya kuomba tunamwuliza, "Je, kuna jambo ambalo bado hujalisema?" Maafisa humwita mteja, sisi humwita msharika, lakini Maandiko humwita jirani, na jirani ana haki ya kumaliza sentensi yake. Mungu hutusikia bila kutukatiza. Atujalie kuwasikia wengine vivyo hivyo.