Nani wa Kumwambia Mbwa Basi?

Wapo watakaocheka wakisoma kichwa cha makala hii, na waache wacheke. Watu wa kwetu wana haki ya kucheka mtu anapokaa chini, akakuna kichwa na kumaliza wino kwa sababu ya unene wa mbwa, wakati utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 umeonyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Eti mbwa naye apewe daieti! Lakini ndugu msomaji, nivumilie kidogo. Swali hili nilikutana nalo Geita, katika nyumba ya watu wanaopima dhahabu, na tangu siku hiyo halijanitoka. Ukimpunguzia chakula kiumbe asiyeweza kukuuliza sababu, umemtendea wema au umemdhulumu? Na mamlaka hayo umepewa na nani?

Baba yangu mdogo ni brokeri. Hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, huiuza kwenye soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019. Nyumba yake ina ukuta, ukuta una vipande vya chupa juu, na ndani ya ukuta yupo mbwa, chotara wa mbwa wa polisi na koko wa mtaani. Jina lake Pointi. Kwa asiyejua lugha ya madini, pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, yaani kidogo sana. Mimi nilikwenda kukaa pale kuanzia Juni hadi Desemba 2022, na nilimkuta Pointi amekwisha kuwa pipa.

Pipa kwa macho yangu. Kwa macho ya wageni alikuwa sifa. Kila aliyeingia getini alisema, "Huyu anakula, bwana!" na baba mdogo alicheka kicheko cha mtu aliyesifiwa yeye. Usishangae. Kwetu unene ni habari njema. Mtu ukimkuta baada ya mwaka mmoja unamwambia "umenenepa", na umemsalimu vizuri. Sisi tuliozaliwa upande wa Shinyanga, ambako mvua ikikosa misimu miwili hata ng'ombe hutembea kama kivuli, tutajifunzia wapi kuogopa mafuta? Mama mdogo alisema wazi: mbwa wa nyumba hii akikonda, mjini watasema biashara imekata.

Mwezi wa saba akaja bwana mifugo kuchanja kichaa cha mbwa. Alimaliza kazi yake ya sindano, kisha badala ya kuondoka akaweka viganja vyote viwili kwenye mbavu za Pointi na kukaa kimya kama mtu anayesikiliza. Halafu akanifundisha. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikigusika hivyo, mbwa amekonda. Fungua kiganja, bonyeza ile nyama ya chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha hivyo, amezidi. Sasa nyoosha mkono, papasa mgongo wa kiganja, pale mifupa inapojulikana chini ya ngozi bila kujitokeza: hapo ndipo panapotakiwa. Halafu simama umtazame kutoka juu, utafute kiuno nyuma ya mbavu. Chuchumaa umtazame ubavuni, uone kama tumbo linapanda kuelekea kwenye mapaja. Madaktari wa mifugo wana ngazi ya 1 hadi 9, na 4 au 5 ndiyo afya. Pointi alipewa 8. Hakuwa na kiuno. Alikuwa na mgongo wa kuwekea sinia.

Jambo lililonigusa ni kwamba yule bwana alimaliza kwa mikono kile ambacho nyumba nzima ilikuwa ikikibishania kwa macho. Macho yetu yana historia yao, bwana. Yanaona tumbo la mtoto wa mbwa limejaa, yanasema ameshiba, kumbe ni minyoo na mbavu ziko nje. Yanaona mbwa hawezi kupanda ngazi tatu za baraza, yanasema ana heshima zake. Na katika nyumba ile hakuna aliyemgusa Pointi. Wengine kwa imani, wengine kwa woga, wengi kwa mazoea tu: mbwa ni wa nje, mchana bandani, usiku anafunguliwa. Sisemi haya kwa kulaumu. Asiyemgusa mbwa kwa imani yake anazo njia nyingine za kumtendea haki. Nasema tu kwamba alishwa miaka minne na watu wasioujua mwili wake.

Tulimpima uzito kwenye mizani ya magunia, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, vijana wa pale wakishangilia kama wako mpirani. Kilo 44. Nikiwa njiani kurudi nilicheka peke yangu. Maana Usukuma habari ya mizani hatufundishwi. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, akina Paul Bomani wakiwaongoza, walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao na hatimaye mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Sehemu kubwa ya ugomvi ule ilikuwa juu ya nani anashika kipimo. Na nyumbani kwa baba mdogo, dhahabu ikiwekwa mezani, hata feni huzimwa ili upepo usiguse mizani. Kumbe hatua ishirini kutoka meza ile kuna sufuria la mbwa linalojazwa kwa kukisia, na kinachokisiwa si njaa ya mbwa.

Hapa ndipo kasheshe lilipo, na hapa naomba unisome polepole.

Mpishi wa Pointi alikuwa mlinzi, mzee mmoja wa Kishapu. Kila siku alipewa unga na kilo moja ya masalia ya buchani. Jioni nilizoea kukaa naye kwenye benchi lake, shikamoo, marahaba, habari za mvua. Wiki ya pili nikatambua kwamba sufuria lile lina walaji wawili. Kabla ya kumwaga ugali kwenye beseni la mbwa, mzee alichagua vipande vinne vitano vilivyo safi, akaviweka kwenye kibakuli chake na kukifunika. Mshahara wake wa mwezi haukufika bei ya gramu moja ya dhahabu, na posho ya chakula haikuwamo. Basi bwana mifugo alipoagiza nyama ipungue iwe nusu kilo, unga upimwe kwa kikombe, mafuta yaenguliwe, maboga ya kuchemsha yaongezwe ili tumbo lisikae tupu, na mabaki ya mezani yakome (mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwa mbwa, wengi hawajui), mimi nilimtazama mzee. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya. Tumepunguziwa."

Alisema "tu". Baba mdogo hakusikia.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili katika karne ya 18, alifundisha kwamba mnyama mwenyewe hatudai kitu. Tunapaswa kumtendea wema kwa sababu mtu anayezoea ukatili kwa mnyama huishia kuwa mgumu kwa watu. Mfano wake ulikuwa mbwa hasa: aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu, akizeeka atunzwe mpaka afe. Mfano mzuri. Lakini pale kwenye benchi nilimwona Kant akikwama. Mbwa alitendewa ukarimu kila siku kwa miaka minne, na ukarimu ule haukuvuka hatua tatu kufika kwa mzee aliyekuwa akiupika. Kama wema kwa mnyama ni mazoezi ya wema kwa watu, mazoezi haya yalikuwa ya nini?

Nimelizungusha swali hili kichwani sana. Jibu nililolipata linamwokoa Kant kwa upande mmoja tu. Ule haukuwa wema kwa mbwa. Ilikuwa barua kwa wageni, na tumbo la Pointi ndiyo karatasi iliyoandikiwa. Anayempa mbwa ili watu waone amempa, hana haja ya kumtazama mbwa. Na asiyemtazama anayempa, atamwonaje asiyempa?

Lakini mama mdogo hakuwa mtu wa barua. Yeye alikuwa na hoja, na ni hoja nzito kuliko zangu. Siku ya tatu ya daieti Pointi alilia bandani, kilio chembamba cha kuomba, naye akasimama mlangoni na khanga yake mabegani. "Wewe umesoma," akaniambia. "Niambie, moyo gani huo wa kumnyima chakula anayekutazama machoni, na chakula kipo ndani?" Kwa mtu aliyewahi kulala njaa kwa sababu hakipo, hilo si swali la mzaha. Hata wale waliotunga zile haki tano za wanyama kule Uingereza mwaka 1979, ya kwanza kabisa waliyoandika ni uhuru dhidi ya njaa na kiu. Hakuna aliyeandika uhuru dhidi ya shibe.

Nilimjibu kwa ngitili. Kila Msukuma anaijua: kipande cha malisho kinafungwa wakati majani bado mabichi, ng'ombe wanapita pembeni wanayatamani, na mchungaji anawafukuza kwa fimbo. Yanatunzwa kwa ajili ya kiangazi, kwa ndama, kwa wanyonge, kwa maksai wa kulimia. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo, na ardhi iliyokuwa jangwa ikaota miti tena. Ng'ombe hakuulizwa. Anayejua kwamba kiangazi kinakuja ndiye anayebeba lawama ya kunyima.

"Na kiangazi cha mbwa ni kipi?" akauliza.

Hicho kipo pia. Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, wakiwa wawili wawili wa uzao mmoja. Mmoja katika kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Waliopunguziwa walifikia umri wa kati wa miaka 13. Wenzao, miaka 11.2. Na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Pia macho ya mbwa si shahidi wa kutegemewa: mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro ya urithi inayowafanya wasikie njaa kuliko wenzao. Wanaomba kwa dhati, lakini wanachoomba hawakihitaji.

Mama mdogo alisikiliza, akasema, "Miaka miwili ya kuzidi, na njaa ya kila siku. Ungeulizwa wewe, ungekubali?" Akaingia ndani.

Nakiri hoja hiyo haina jibu la kuimaliza. Binadamu anayejinyima anajua sababu. Ile kujua nayo ni aina ya chakula. Mbwa hana. Kwake kila jioni ni kupunjwa kupya. Msimamo wangu ni huu, anayetaka na aupinge: mwenye haki ya kumwambia mbwa basi ni yule tu anayeweka mkono kwenye mbavu kila wiki, aliye tayari kuongeza siku mkono ukimwambia ongeza, na anayelipa alichoondoa kwa kitu kingine. Mimi nililipa kwa miguu. Alfajiri, kabla pikipiki hazijajaa, nilimfunga kamba tukaelekea upande wa mlimani na kurudi, yeye akihema kama injini ya karasha. Wanaotaka kulipa kwa maneno matamu tu wakae na sufuria lao. Wala isiende haraka: asilimia moja au mbili ya uzito kwa wiki, si zaidi.

Lakini haki hiyo inahusu mbwa. Kwa mzee, nani aliyempapasa mbavu? Niliandika hesabu kwenye karatasi: nusu kilo ya nyama kwa siku, mara siku 30, na bei yake buchani. Nikampelekea baba mdogo nikamwomba fedha hizo zilizookolewa ziwe posho ya mlinzi. Akaisoma vizuri, maana hesabu anaziheshimu. Akanirudishia karatasi. "Mambo ya mbwa ni ya mbwa," akasema, "mshahara ni makubaliano. Usichanganye." Nilimjibu kwamba vilikuwa vimechanganyika siku zote, katika sufuria moja. Akaniuliza nina maana gani. Hapo nilinyamaza, kwa kuwa kumweleza kungekuwa kumchongea mzee.

Siku chache baadaye mama mdogo alianza kutoa sahani kwenda getini saa mbili usiku. Hakumtangazia mtu. Wala haikuwa kila siku. Wageni wakiwa wengi ilisahaulika.

Hadi Desemba Pointi alikuwa na kilo 38 na kiuno unachokiona bila kutafuta. Wageni sasa waliuliza kama mbwa anaumwa, na baba mdogo, msomaji wangu, aliwasimamisha getini akawaonyesha kwenye mkono wake mwenyewe habari ya ngumi na kiganja, kama yeye ndiye aliyeigundua. Alikuwa na furaha ya kweli. Nadhani hata alimpapasa mara moja mbili.

Mzee wa Kishapu aliondoka mwezi ule ule kwenda kulinda karasha Nyarugusu, walimwahidi mlo. Akaja kijana badala yake, mpole, ana begi dogo la mgongoni. Nilimwonyesha banda, kufuli, swichi ya taa ya nje. Akaniuliza chakula cha mbwa huwa kinapikwa saa ngapi.