Lete ya Zamani

Mwaka jana niliandika mwongozo wa kununua raba za suti ya kuzamia. Maneno elfu moja na mia tano, nikiwa nimekaa kitandani hapa Mukuyu, Murang'a, kompyuta mapajani, bando ya saa 24 ikikaribia kuisha. Sijawahi kuzamia. Maji baridi ninayoyajua ni ya Mto Mathioya, na hata huko niliingia hadi kiunoni tu, nikatoka mbio.

Suti yenyewe niliiona kwenye video. Si ile nyepesi ya wazamiaji wa Diani, ambako bahari ni vuguvugu. Hii ni ya maji ya Norway na Scotland. Inakuacha mkavu ndani, na shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna raba za kuzuia maji yasipenye. Raba hizo huchakaa kabla ya suti, ndiyo maana watu huzinunua upya.

Kwa siku mbili nilijifunza mengi. Raba ya lateksi huvutika vizuri na bei yake si mbaya, lakini jua na mafuta huila mpaka inapasuka. Kuna watu ambao ngozi zao huikataa, na wengi wao huhamia silikoni. Silikoni nayo haishikwi na gundi ya kawaida, kwa hivyo hufungwa kwa pete maalum. Raba mpya mara nyingi huja ikiwa nyembamba, nawe unaipunguza kwa mkasi kidogo kidogo, kwa sababu ukikata sana hakuna kurudisha. Ikilegea, maji yanaingia. Ikikubana sana shingoni, inakandamiza mishipa ya damu ya kichwani, na unaweza kushikwa na kizunguzungu ukiwa chini ya maji.

Yote hayo niliyaandika, na nilihakikisha kila moja mara mbili. Shida ilikuwa sentensi ya kwanza. Mteja alitaka makala ianze kwa kusema kwamba sisi tumezamia miaka kumi na tumezijaribu raba hizi zote kwa mikono yetu. Nikaandika hivyo. Doo ikaingia, nikalipa Fuliza na nusu ya kodi ya nyumba.

Wiki hiyo hiyo mama akanipigia simu kutoka Kahuro. Raba ya presha kuka yake ilikuwa imekauka, mvuke unatoroka pembeni, githeri haiivi. Nikaenda kwa mzee mmoja mjini anayeuza spea za vyombo vya jikoni.

"Habari ya kazi, mzee. Nataka raba ya presha kuka, ya lita saba."

"Umekuja na ya zamani?"

"Hapana. Lakini ni ya lita saba, mama ameniambia."

"Lita saba ni maji, kijana wangu. Raba ina upana wake na unene wake. Enda ulete ya zamani niione."

Nikamwambia anipe yoyote inayokaribiana, nitajaribu. Akatikisa kichwa. "Wewe hutakuwa jikoni ikikataa. Ni mama yako."

Hakuniuzia. Jumamosi nikapanda matatu hadi Kahuro, nikarudi na ile raba kuukuu kwenye gazeti. Akailaza juu ya mpya, akapitisha kidole ukingoni, akaniuzia. Haikuchukua hata dakika moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, nilifanya kosa gani hasa?

Nianze kwa kujitetea. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Mtandao ndio mwajiri wa kwanza ambaye hakuniuliza cheti. Tukisema kila mtu aandike tu kile alichokishika kwa mkono, mimi nitalala njaa, na dunia itakosa vitabu vingi vizuri. Daktari hajaugua kila ugonjwa anaoutibu. Na yule mzee wa raba sikuona cheti chochote ukutani kwake.

Kwa hivyo si suala la cheti. Basi ni nini?

Mwaka wa 1877 Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatupa mfano wa mwenye meli kuukuu. Ana shaka kama itafika, lakini anajibembeleza mpaka shaka inaisha, anaruhusu abiria wapande, meli inazama, yeye analipwa bima. Clifford anasema ana hatia. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Clifford aliijua bahari. Mwaka wa 1870 alinusurika meli ilipovunjika karibu na Sicily.

Kwa hivyo siwezi kujificha nyuma ya "hakuna aliyekufa." Lakini kosa langu halifanani kabisa na la mwenye meli. Yeye hakuwa na sababu ya kuamini alichoamini. Mimi sababu nilikuwa nazo: nilisoma, nikalinganisha, nikahakikisha. Ile "miaka kumi" ndiyo iliyoharibu. Msomaji angejua kwamba anayemshauri ni kijana wa Murang'a aliyetazama video, angefanya jambo la busara: angemuuliza na mtu mwingine. Nilimwambia, bila kusema, kwamba hana haja ya kuuliza tena.

Tena hawezi kunirudia. Yule mzee, nikimletea malalamiko kesho, nitamkuta nyuma ya meza ile ile. Anajua hivyo, na nadhani ndiyo maana hakubali kukisia. Mimi mzamiaji atanipata wapi? Hata jina lililo chini ya makala si langu.

Nilimwandikia mteja nikamwomba abadilishe sentensi ya kwanza, iseme tumekusanya maelezo ya watengenezaji na wazamiaji. Alijibu kwa mstari mmoja: iko sawa, iache. Pesa sikurudisha. Zilikuwa zimeshaliwa, na sitajifanya shujaa hapa. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi sikubali tena kuandika "tumejaribu." Wateja wawili wameniacha kwa sababu hiyo, na mwezi huu kodi imechelewa.

Jana usiku niliitafuta ile makala. Bado iko. Kama kuna mtu anaisoma sasa hivi, raba mpya mezani na mkasi mkononi, ningependa ajue kwamba mimi sijui shingo yake ina unene gani. Aweke mkasi chini kwanza. Achukue ile ya zamani, ampelekee mtu anayeweza kuiona.