Pole kwanza, hongera baadaye

"Kushiriki ndiyo ushindi." Sentensi hiyo nimeisikia kwa ndugu, majirani na hata fundi wangu wa viatu tangu nimalize nusu marathoni kule Moshi, kwa muda ambao hata mke wangu sijamtajia. Najua wananitakia mema. Lakini mtu aliyekuwa akiamka alfajiri miezi nenda rudi ili apunguze dakika chache, kisha misuli ya paja ikamkaza kwenye mpando wa Mweka, watoto wenye ndala wakampita huku wakimshangilia, hataki kuambiwa ameshinda. Anajua hakushinda. Mwacheni anune kidogo.

Kutokata tamaa hakuhitaji kujidanganya. Kwanza ukubali kwamba imeuma, ndipo uulize kwa nini. Mara nyingi jibu ni la kawaida tu: wengi tunaotoka Dar es Salaam tunajifua kwenye tambarare za pwani, halafu tunaushangaa mlima!

Chukua mfano wa Alphonce Simbu wetu: alishika nafasi ya 17 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, 2024. Kwa mwanariadha aliyekwisha kupata shaba ya dunia London mwaka 2017, hayo si matokeo ya kupigiwa vigelegele. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba mwaka huohuo, mjini Tokyo, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Hata hivyo, anayenifikirisha zaidi ni aliyeshindwa siku ile, Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Ikabidi picha ya mstarini iamue, na tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Huyo utamwambia nini? Kwamba hakujituma? Nafasi aliyoipata ilieleza nani alitanguliza kifua, basi. Haikueleza kilomita 42 alizozitolea jasho, wala haikusema lolote kuhusu mbio zake zijazo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mbio zako zimekwenda kombo, nuna siku mbili tatu, chua miguu, kisha rudi barabarani taratibu. Na wewe mwenye jirani aliyeshindwa, mpe pole, mwulize paja linaendeleaje. Habari za ushindi mwachie mwenyewe azitafute.