Nafasi za Wilaya: Dhulma au Haki?



Kila mwaka majina ya wanaosomeshwa na serikali yanapotoka, mabishano yale yale hurudi katika hosteli za Wandegeya na Kikoni. Nafasi ni kama 4,000 kwa vyuo vikuu vyote vya umma. Robo tatu hugawiwa kwa alama tupu. Nyingi katika zilizobaki hugawiwa kwa wilaya, na chache huwekewa wanamichezo na wenye ulemavu. Basi kijana wa Wakiso mwenye alama za juu anaachwa, na mwenzake wa Moroto mwenye alama chini ya zake anachukuliwa. Yule wa kwanza anasema amedhulumiwa. Je, ni kweli?

Wanachuoni wetu walieleza dhulma kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani kadhulumiwa, tuulize kiti cha chuo mahali pake ni wapi. Kikiwa ni tuzo ya mshindi wa mbio, basi mwenye alama nyingi ndiye mwenye haki nacho. Lakini mbio huwa za haki pale wakimbiaji wanapoanza mstari mmoja, na Uganda haikuanza mstari mmoja.

Tazama ramani. Namilyango 1902, Gayaza 1905, Budo na Kisubi 1906: zote ziko Buganda, zote za wamisionari. Waingereza waliwaachia wamisionari kazi ya elimu kwa miaka mingi, na Makerere ilipoanzishwa 1922 ikawekwa kwenye kilima kingine cha huko huko. Kaskazini kulitakiwa kitu kingine: askari kutoka Acholi na West Nile, na vibarua wa kukata miwa Kakira na Lugazi. Hakuna aliyewapima watu wale akili akaona shule haiwafai. Waligawiwa kazi, kisha watoto wao wakaambiwa kwamba kabila lao tangu asili ni la bunduki na panga.

Sisi Waislamu hatuhitaji kusimuliwa habari hii. Shule ilikuwa ya misheni, na mzazi aliogopa kumpeleka mtoto akarudi na jina jingine. Ndiyo maana babu zetu wengi walikuwa wachinjaji, madereva na wachuuzi, na wapo waliodhani kwamba Mwislamu ameumbwa hivyo. Mpaka 1944 ndipo UMEA ikaundwa, Mwanamfalme Badru Kakungulu akiwa mstari wa mbele, na shule ya Kibuli ikafuata. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilifunguliwa 1988. Anayefurahia hayo yote kisha akasema kumwinua Mkaramojong ni dhulma, mimi simwelewi.

Kuna kisa cha mkusanya zaka aliyerudi Madina akasema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) aliuliza kama mtu yule angeletewa zawadi hiyo lau angekaa tu nyumbani kwa baba yake au mama yake. Tuligeuze swali hilo kidogo. Alama zangu hizi, ningezipata lau ningezaliwa katika nyumba ya mfugaji wa Kotido, nikasoma shule isiyo na maabara, mwalimu wa fizikia akija muhula mmoja na kupotea miwili? Sehemu ya alama ni jasho langu, sikatai. Sehemu nyingine nililetewa kwa sababu ya nyumba niliyokaa.

Hata hivyo mpinzani ana hoja, tena nzito. Lawama ya siku nyingi ni kwamba mtoto wa tajiri aliyesoma shule kubwa za Wakiso huomba kwa jina la wilaya ya babu yake, wilaya ambayo huiona Idi kwa Idi. Na mtoto wa mama muuza nyanya wa Kisenyi, kwa kuwa anahesabiwa Kampala, hana wa kumtetea. Hapa mizani imeharibika. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na kupima umaskini kwa asili ya ukoo ni kupunja. Kipimwe alichosomea mtoto na mahali alipofanyia mtihani. Katiba ya 1995, ibara ya 32, inaruhusu kuwainua walioachwa nyuma. Haikusema wainuliwe wenye ukoo wa huko tu.

Wala si kila kugawa upya ni haki. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Kweli walishika maduka na viwanda vya pamba kwa sababu mkoloni aliwafungulia mlango aliowafungia wengine. Lakini maduka yaliishia kwa wanajeshi na marafiki zao, na kibarua wa Kakira alibaki kibarua. Alikuwa Mwislamu mwenzetu, na hilo lisitufanye tuiruke habari hii.

Tukija kwenye ajira, mambo ni mazito zaidi, maana huko hata alama hazisomwi. Jina la ukoo linasomwa kwanza. Mtu husema: namsaidia ndugu yangu, kuunga udugu ni ibada. Ni ibada ukitoa mfukoni mwako. Kazi ya umma si mfuko wako, ni amana, na kumpa binamu amana ya watu ni khiyana hata kama binamu anaswali safu ya mbele. An-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Na tusiishie kwa mawaziri. Wapo ndugu zetu kutoka Yumbe, wilaya ya Waislamu wengi, ambao wamefika hapa kupitia nafasi hizo hizo za wilaya. Katika vikao vyetu mazungumzo huanza kwa Kiingereza, dakika ya kumi yanahamia Luganda, na ndugu wa Yumbe ananyamaza. Kisha tunapiga kura ya viongozi, na tunashangaa kwa nini hajagombea.