Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inatimia barabara katika uwanda wa nyasi, pale mtu anapopiga magoti, pengine hata kulala kifudifudi, ili apate picha ya ua lisilozidi ukucha wa kidole. Swali tunalokusudia kulichungua katika makala hii ni hili: Je, aliyeinama akapata picha, amekipata kitu chenyewe? Na je, anawiwa chochote na kitu hicho baada ya kukitazama?

Tuchukue mfano wa Kitulo. Uwanda huo, ulioko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, una kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wameuita Bustani ya Mungu. Mvua zinapoanza mwezi Novemba hadi zinapokoma mwezi Aprili, nyasi zake huchanganyika na maua ya kila rangi. Wataalamu wamehesabu humo aina 350 hivi za mimea, na miongoni mwake okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Mwaka 2005 uwanda huo ulifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa; na sababu kubwa haikuwa tembo wala simba, bali maua.

Tulifika pande hizo mwezi Februari pamoja na wanafunzi, tukapita katika nyasi zilizo nje ya mpaka wa hifadhi. Tuliona okidi moja ndogo imejificha katikati ya majani marefu. Ili picha itoke vizuri, tuliyalaza majani yale upande huu na upande huu, ua likabaki peke yake wazi. Picha ilitoka nzuri sana. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipita na kuni zake alisimama akatutazama, kisha akasema: “Picha mmeipata, wanangu. Na habari zake je?” Hatukuwa na jibu. Hatukujua linachanua mwezi gani, wala mdudu gani hulizuru, wala kwa nini limeota pale na si hatua kumi mbele. Asubuhi ya pili tulipopita tena tulikuta shina lake limelala chini, kwani usiku upepo ulikuwa mkali. Hatuwezi kuapa kwamba ni sisi tulioliangusha. Lakini pia hatuwezi kuapa kwamba si sisi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni makuu yasiyostahili: ua moja ni nini katika uwanda wenye maelfu? Jibu linapatikana kwa yule anayekubali kujifunza baada ya kupiga picha. Mbegu ya okidi ni kama chembe ya vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, na haiwezi kukua mpaka ikutane udongoni na kuvu ya aina inayoifaa, ambayo huilisha. Nyingi hupotea, chache huota, tena baada ya muda mrefu. Kwa hiyo ua lile tulilolidhania kuwa moja kati ya maelfu lilikuwa kwa kweli moja lililosalimika kati ya maelfu. Picha haikutuambia hayo. Picha ilituonyesha sura. Habari ilibidi tuitafute.

Lakini tusije tukadhani kwamba elimu peke yake inatosha. Yuko mtu aijuaye okidi kuliko mpiga picha yeyote, naye ni mchimbaji. Yeye hujua msimu wake, hujua mahali pake, hulitambua jani lake hata kabla halijachanua. Viazi vya okidi za nyanda hizo vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Mmea huwa na kiazi cha zamani kinachoulisha mwaka huu, na kiazi kipya cha kuuotesha mwaka ujao. Achukuaye kile kipya ameuchukua na mwaka ujao. Hatusemi hivi ili kumhukumu mchimbaji, maana yeye anatafuta riziki, na sisi tulikuwa tunatafuta picha tu; tena ni nani kati yetu mwenye udhuru ulio bora? Twasema tu kwamba kujua bila heshima huharibu, na kutazama bila kujua huweza kuharibu vilevile.

Kadhalika, tusidhani kwamba elimu hiyo yote imo vitabuni. Mwaka 2005 ulimwengu wa sayansi ulitangaziwa nyani mpya wa misitu ya Rungwe na Kitulo. Jina lake, kipunji, halikutungwa katika maabara: Wanyakyusa walikuwa nalo tayari. Alikuwa mpya kwa wale tu ambao hawakuwahi kuwauliza wenyeji. Yule mama mwenye kuni naye, kabla hajaondoka, alituonyesha kwa kidole mahali ambapo maua yale yalikuwa mengi zamani, na akatueleza kwamba hayarudi palipochimbwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachobeba mambo mengi. Mtu hupiga risasi, hupiga picha, na hupiga hodi. Mwenye kupiga risasi hukitaka kitu kiwe chake, na baada ya hapo hakuna tena habari ya kuuliza. Mwenye kupiga hodi hujua kwamba nyumba ina mwenyewe. Husimama mlangoni, hungoja, na akikaribishwa huingia kwa adabu na kuuliza habari za waliomo. Kupiga picha kumesimama katikati ya hayo mawili, na ni juu yetu kuchagua kutakwenda upande gani.

Basi mwalimu anayewatoa wanafunzi wake darasani kwenda nyasini, awe na kamera au simu ya mkononi, na awafundishe kwanza kuinama bila kulaza jani. Kisha kuuliza jina kwa wenyeji na kwa vitabu. Na mwisho kuondoka pakiwa kama walivyopakuta. Picha watakayorudi nayo itakuwa na majani yaliyoziba nusu ya ua. Hiyo ndiyo sura yake ya kweli.